Pigo la Kwanza Baada ya Jina

Binti wa Asina amenitumia sauti mbili kwenye simu. Ya kwanza niliisikiliza nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. "Mama Vero, mama ametuacha. Alilala tu, asubuhi hakuamuka. Tulimuzika jana, hapahapa Kabambare." Ya pili ni ndefu kuliko hiyo, na kabla ya kuituma alitanguliza maandishi: "Hii njo ngoma walimupigia. Mama alikuwa anasemaka, siku ngoma yangu italia, Vero asikilize mpaka mwisho." Hiyo sijaifungua. Nimelaza simu kifudifudi juu ya meza, nimefunika sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo, nimeketi karibu na dirisha langu hapa Kasongo, na mvua inanyesha polepole, haina haraka ya kwenda popote. Kazi yangu, tangu nilipoacha kuwa msichana, ni kutazama filamu na kuwaeleza watu redioni kama zinafaa au zinawapotezea muda wao. Wenzangu wameniita Mama Ngojeni, kwa sababu filamu ikiisha, majina yakianza kupanda kwenye kioo na watu wakipapasa kutafuta viatu vyao, mimi huwavuta nguo: ngojeni, bado. Wanadhani ni maringo ya wasomi. Si maringo. Nilifundishwa kungoja katika sebule ya mama yangu mdogo kule Kabambare, mwaka niliomaliza sekondari nikawa sina la kufanya ila kusubiri matokeo ya mtihani wa Serikali, ambayo siku zile yalikuja kwa mwendo wa kinyonga.

Mama mdogo Régine alikuwa na kitu ambacho mtaa mzima haukuwa nacho: televisheni, mashine ya video, na grupu, yaani jenereta dogo lililofungwa nyuma ya jiko ili kelele yake isishinde sauti ya filamu. Ilishinda tu. Mpaka leo nikitazama filamu katika ukumbi wenye ukimya naona kuna kitu kimepungua. Tulionyesha filamu alasiri za Jumapili, misa ikiwa imekwisha na Waislamu wakiwa wameshasali adhuhuri, na ili sebule ipate giza tulitundika vitenge madirishani. Kimoja kilikuwa na samaki wa buluu. Jua lilipopenya, wale samaki waliogelea juu ya vipaji vya nyuso za watu, juu ya ukuta, juu ya mgongo wa paka. Mimi niliyeshika mashine nilikaa chini kando ya televisheni, nikitazama watu badala ya filamu, na nilihisi kama sote tumezama mahali penye amani na hatutaki kuokolewa. Kiingilio kilikuwa chochote kinacholiwa: konzi ya karanga, yai, kichane cha ndizi, bakuli la mchele mpya. Filamu ikiisha, mama mdogo alipika kiingilio. Tulikula wali kwa mawese na samaki mkavu tukibishana juu ya tulichokiona, na nathubutu kusema kwamba huo ndio uliokuwa uhakiki wenyewe. Mwingine wote niliousoma baadaye ni kiporo.

Filamu zilisema Kifaransa, na wengi pale walikisikia Kifaransa kama mtu anavyosikia majirani kupitia ukuta. Hakuna aliyetafsiri. Hakuna aliyeomba kutafsiriwa. Kila mtu alijitengenezea filamu yake, kisha akaitetea. "Yule anamufukuza sababu alimunyanganya muchumba," alisema mmoja. "Apana, ni ndugu yake, angalia pua!" alijibu mwingine, na filamu nzima ikageuka. Nimewahi kusema redioni kwamba filamu njema ni ile inayostahimili watazamaji wasioelewa maneno yake, nikaandikiwa matusi. Walionitukana hawakuwahi kukaa sebuleni kwa mama mdogo. Aliyesema kidogo kuliko wote alikuwa Asina, jirani yetu, mwanamke Mwislamu aliyenipita umri kidogo tu, ambaye alibambua karanga muda wote wa filamu bila kuangalia mikono yake. Mumewe, Sefu, alikuwa ameondoka kwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Mwanzoni watu wa pikipiki walileta salamu zake, sabuni, mara moja hata viatu vya mtoto. Kisha salamu zikakoma. Ikasemwa kwamba shimo moja liliporomoka huko. Ikasemwa pia kwamba hakuwamo. Asina aliendelea kumpakulia Sefu wali wake kila jioni, akaufunika kwa sahani, na asubuhi akaupasha moto akamlisha mtoto. Nilipokwenda kwake kuazima chumvi niliiona ile sahani iliyofunikwa, nami nikajikuta nanong'ona kama niko mbele ya mtu aliyelala.

Filamu ninayotaka kuisimulia haikuwa na jina. Kasha lake lilipotea kabla haijatufikia, nasi tuliiita Filimu ya Kofia, kwa kuwa mwanamume aliyekuwa ndani yake alipita kwenye moto, kwenye maji na katikati ya maadui bila kofia yake kudondoka. Si filamu nzuri. Leo ningeimaliza kwa sentensi moja na kwenda kupika. Lakini kuna mahali yule wa kofia anafika kwenye mto, msitu uko kimya, na chini kabisa ya muziki, mahali ambapo masikio ya watu wengine yasingefika, inalia ngoma ya mti. Wasiotoka kwetu niwaambie kwamba ngoma hiyo ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na kwamba kwetu haipigwi ili watu wacheze tu. Inasema. Lugha zetu zinapanda na kushuka, ngoma nayo inapanda na kushuka vilevile, na kila mwanamume aliyelelewa vizuri ana jina lake la ngoma ambalo baba yake alimpa, sentensi nzima, ili aitwe shambani au msituni asichanganywe na mwingine. La Sefu, ukiligeuza kutoka Kibangubangu, ni *Mto hauulizi njia*. Jumapili tuliyoionyesha mara ya kwanza, ngoma ililia kwenye filamu, ikapanda, ikashuka mara mbili, ikapanda tena, na mikono ya Asina ikasimama. Karanga zilimwagika. Baada ya jina ile ngoma ilipiga pigo moja zaidi, moja tu, jepesi, kisha mlango ukagongwa kwa kishindo na filamu ikarukia chumbani, kwa mwanamke anayechana nywele.

"Vero," Asina aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, jambo lililonitisha. "Rudisha pale."

Nilirudisha. Grupu lilinguruma, samaki wa buluu waliogelea, mwenye kofia akafika mtoni kwa mara ya pili. Sasa si Asina peke yake aliyesikia. Wazee waliokuwa nyuma walitazamana, na mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Walisikia jina la Sefu likitoka kwenye televisheni, katika filamu iliyotengenezwa na watu wasioweza hata kukisia kwamba Kabambare ipo. Mimi niliyetoka Kasongo, mwenye masikio ya shuleni, sikusikia kitu ila ngoma. Niliona wivu, nakiri; nilikuwa nimeishika filamu ile mikononi mwangu na bado wao walikuwa ndani yake nami niko nje.

Habari haikulala. Katika wiki hiyo alikuja Amisi, kaka mkubwa wa Sefu, mtu mrefu mwenye macho mekundu, akaomba kaseti ipigwe mbele ya familia. Si kwamba walidhani filamu inatangaza vifo vya Kabambare. Walikuwa watu wenye akili zao. Lakini kwetu jina la ngoma halitamkwi ovyo, na likitamkwa mahali pasipo mwenyewe, lazima pawe na sababu; sababu hata mpigaji mwenyewe anaweza kuwa haijui. Kwa Amisi sababu ilikuwa wazi: Sefu amekufa, na habari imepita ilipopata njia. Alitaka matanga yafanywe, Asina akae eda, na eda ikiisha arithiwe nyumbani kwa Amisi kama ilivyo desturi. Wengine walimsema vibaya. Mimi nilimwona akinywa chai ya mama mdogo barazani, akigeuka kila pikipiki ilipopita, nikafahamu kwamba amechoka kungoja. Matanga yangempa ruhusa ya kulia.

Basi Jumapili iliyofuata hapakuonyeshwa filamu ya kujifurahisha. Alialikwa Baba Kalonda, mpiga ngoma wa misheni, ambaye kila asubuhi ya Jumapili aliwaita Wakristo kwenye misa kwa ngoma ya mti na kila alasiri aliwahi kiti cha mbele kwa mama mdogo, akidai hasikii vizuri, ingawa ni pale wasichana walipocheza ndipo alipohitaji kusikia zaidi. Alivaa koti. Alijua leo yeye ndiye nyota. Nikaiweka kaseti mahali pake, mwenye kofia akafika mtoni, ngoma ikasema, mlango ukagongwa. Baba Kalonda aliinua kidole: tena. Tukarudia. Aliinua tena. Jasho lilimtoka chini ya koti.

"Jina ni lake," alisema mwishowe. "Hapo siwezi kudanganya watu. *Mto hauulizi njia*, sawa vile baba yake alimupatia. Ila sasa, ile pigo inafuata... ile ni shida."

"Shida gani?" Amisi aliuliza. "Sema tu, Baba. Ni kifo?"

"Ngoja kwanza. Ile pigo ya kwanza inaweza kuwa mwanzo wa *alilala*. Ni kweli, vile njo tunapigaka mutu akikufa. Lakini inaweza pia kuwa mwanzo wa *akuje*, wanamuita, chakula iko tayari. Zote zinaanziaka juu. Hata *muke wake* inaanziaka juu, maana mwanamuke hana jina ya ngoma, anaitwaka kupitia bwana yake. Sasa miye nitajua aje? Wamekata! Hawa watu wa sinema wanakataka mutu maneno kinywani."

Wazee walicheka kidogo kwa lile la *mke wake*, na Asina naye, nashangaa mpaka leo, akacheka. "Basi labda ni miye njo naitwa," alisema. Amisi hakucheka.

"Neno nzuri haikatwake," alisema polepole. "Kama ni chakula, juu ya nini wagonge mulango? Mutu anakata neno wakati inamuzidi."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna filamu zinavyokatwa na kuunganishwa, vilivyoandikwa na watu wenye majina makubwa, na hakuna hata kimoja kilichoniambia jambo zito kuliko sentensi hiyo ya Amisi: mtu hukata neno linapomzidi. Nimeitumia mara nyingi bila kumtaja. Asina alisimama. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mwanga wa kitenge ulimpita usoni, samaki mmoja shavuni, mwingine shingoni.

"Shemeji," alisema, "nakuheshimu, weye ni mukubwa wangu. Kama Sefu amekufa, mutu akuje hapa, aniambie na kinywa yake, na nitakaa chini, nitavaa nguo ya eda mpaka siku ya mwisho. Lakini eda ya kaseti, apana. Eda ya kaseti sikai."

Kisha akaketi na kuendelea na karanga zake. Ikakubaliwa, baada ya maneno mengi na sinia mbili za wali, kwamba atangoja mpaka mpunga uvunwe. Sefu asiporudi wala habari zake zisipofika, familia italia. Amisi alikubali akiwa amegeuzia uso ukutani.

Miezi iliyofuata naikumbuka kama ndoto ya mchana, ya aina ile ambayo unasikia sauti za nyumbani lakini huwezi kuinuka. Mpunga ulikuwa wa kijani, ukawa wa manjano. Kila mwenye jambo aliomba apigiwe lile neno la ngoma. Wengine walitoka vijijini kwa miguu, kuku kwapani, wasiotaka filamu bali mto tu, jina, na ule mlango. Nami nikaanza kusikia. Sikufundishwa, nililoweshwa. Siku moja nikiwa natwanga, mkono wangu wenyewe ulipanda, ukashuka mara mbili, ukapanda, na nikajua kwamba ninamwita Sefu. Kati ya majina yote ya ngoma duniani najua hilo moja tu. Lakini kaseti ni kitu kinacholika. Kadiri nilivyorudisha pale pale, picha ilianza kupata mistari, mwenye kofia akapoteza uso, na sauti ya ngoma ikazidi kwenda mbali kana kwamba anayeipiga anatembea kuelekea ng'ambo. Asina ndiye aliyelitambua kwanza. Alikuja asubuhi moja kabla hata hatujawasha moto, akaniomba kaseti, akaifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa. "Musiipige tena," alisema. "Mutamumaliza." Nilitaka kumwambia kwamba ni utepe tu. Nilikuwa na maneno yote ya kumwambia hivyo, kwa Kifaransa safi. Badala yake nikamsaidia kukaza fundo, na nafurahi mpaka leo.

Sefu alirudi siku ambayo hakuna aliyekuwa anamngoja. Mpunga ulikuwa nusu umekatwa. Pikipiki ilisimama, akashuka mtu mwembamba mwenye ndevu, amejaa tope mpaka kiunoni, akauliza kama kuna maji. Mama mdogo alimpa maji kabla hajamtambua. Alikuwa ameugua muda mrefu kambini, mbali na barabara, katikati ya watu wasiojua kwao ni wapi. Hakukuwa na hadithi nyingine zaidi ya hiyo. Asina alikuwa shambani. Mtu alikwenda kumwita, naye, hivi ndivyo walivyoniambia, alimaliza kwanza kukata mstari aliokuwa nao, akaweka kisu chini, ndipo akaketi chini palepale. Amisi alifika jioni. Alimshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, akalia yale machozi yote aliyokuwa amewekea matanga, kwa sauti, bila haya.

Jumapili, bila shaka, walimketisha Sefu kwenye kiti cha mbele. Baba Kalonda mwenyewe alihama. Asina alifungua kitambaa, akanipa kaseti, na sebule yote ikamgeukia imwone Sefu akijisikia akiitwa. Filamu ilianza. Mwenye kofia alipita kwenye moto. Mwenye kofia alipita katikati ya maadui. Na kabla hajafika mtoni, Sefu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, samaki wa buluu wakipita juu ya ndevu zake. Ngoma ikalia, hafifu sana sasa. *Mto hauulizi njia*. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Nilimtazama Asina, hakuwa akitazama filamu hata kidogo. Nimeona baadaye picha nyingi za mapenzi, zenye mvua, zenye vinanda, na watu wakikimbiliana katika stesheni. Bado sijaona kitu kilichopigwa vizuri kuliko uso ule uliokuwa ukitazama mtu akikoroma.

Matokeo yangu yalikuja, nikaondoka, na mengine ni maisha. Niliwahi kukutana mjini na mwanamuziki anayetengeneza sauti za filamu, nikamsimulia haya. Alicheka kwa adabu. "Lakini mama, mule ndani hamuna neno," aliniambia. "Ni mapigo tu. Mutu wa studio alipiga vile mukono ulimutuma." Nilimjibu kwamba hilo ndilo linalonitisha katika kazi yake, na si la kumtuliza mtu. Mpiga ngoma yule, popote alipo au alipozikwa, hakujua kwamba kidogo amkalishe eda mwanamke wa Kabambare, wala kwamba jina alilolipiga bila kulijua lilimweka mume wake hai miezi yote ile. Tunawasifu wasanii kwa wanachokusudia. Mimi nimeishi kwa kitu ambacho msanii hakukikusudia hata kidogo. Sefu alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, kitandani kwake, Asina alivaa nguo ya eda na kuikaa mpaka siku ya mwisho, kama alivyoahidi. Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa mzee, hana meno ya karanga, na alinitania: "Weye mutu wa filimu, bado hawajakuambia ile neno iliishaka namna gani?" Nilimwambia bado. "Basi ngoja," alisema.

Mvua imepungua. Nimegeuza simu, nimefungua ile sauti ya pili. Mwanzoni kuna upepo, mbuzi, mtu anakohoa, mtoto anaambiwa anyamaze. Kisha ngoma ya mti, ile yenyewe ya misheni naamini, iliyo mikononi mwa mtu mwingine sasa. Ikapanda. Ikashuka mara mbili. Ikapanda. *Mto hauulizi njia*. Nilishtuka, kwa sababu Sefu tulishamlilia zamani, na nikadhani wamekosea. Likaja lile pigo moja, jepesi, na mwili wangu wote ukangoja mlango ugongwe, kama ulivyogongwa mbele yangu mara zisizo na hesabu. Mlango haukugongwa. Ngoma iliendelea, taratibu, ikishuka pale ambapo sikuwahi kuisikia ikifika, *mke wake*, na ikalirudia mpaka hata mimi mwenye masikio ya shuleni nikalielewa, *mke wa Mto hauulizi njia*, *mke wake*, *alilala*. Ni lile neno la tatu la Baba Kalonda. Ni lile lililowachekesha wazee. Nililia hapo dirishani kama Amisi, bila haya.

Ngoma ilinyamaza. Ukabaki upepo, na watu wakivuta viti, na mtu akiuliza kama wali umetosha. Niliiacha sauti iendelee mpaka ikaisha yenyewe, na hata hapo sikuinuka.